Kemia, kompyuta kubwa na kujitolea: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila muhula ukianza, simu yangu hujaa ujumbe wa wanafunzi wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuoni. Mimi ni mwanakemia wa kompyuta. Siku za kazi nakokotoa molekuli, na Jumamosi mbili kwa mwezi nafundisha bila malipo. Wanaouliza ni wapya, maswali ni yaleyale. Haya hapa majibu, pamoja na ya yale maswali ambayo wazazi huuliza pembeni kwa sauti ya chini.

Kwani wewe ni mwanakemia au fundi kompyuta?

Mwanakemia. Shangazi yangu mpaka leo ananiletea printa iliyogoma, na mpaka leo sijui kuitengeneza. Kompyuta kwangu ni kama hadubini kwa mtu wa baiolojia: naitumia kuona kisichoonekana kwa macho, basi.

Unafanyaje kemia bila kushika hata chupa moja?

Tuchukue mfano ulio kwenye kabati la dawa la nyumba nyingi: artemisinini, ambayo jamaa zake ndio wamo kwenye vidonge vya dawa mseto ya malaria. Ilitolewa kwenye mmea wa Artemisia annua, na Tu Youyou wa China akapata Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Molekuli moja ina kaboni 15, haidrojeni 22 na oksijeni 5. Jumla atomu 42, elektroni 152. Ndani yake kuna daraja la oksijeni mbili zilizoshikana, na hilo daraja ndilo siri ya dawa. Likikutana na chuma kinachotokana na damu aliyokula kimelea, linavunjika, na vipande vinavyobaki vina hasira ya kushambulia kila kilicho karibu.

Sasa maswali yanaanza. Daraja linavunjika kwa nishati kiasi gani? Nikibadilisha kipande kimoja cha molekuli, litavunjika upesi zaidi au litagoma? Maabara inaweza kukuonyesha mwanzo na mwisho, lakini ile nukta ya katikati, elektroni zinapohama, ni fupi mno. Hiyo ndiyo tunayoikokotoa.

Mlinganyo wenyewe, unaoeleza mwenendo wa elektroni, upo tangu Erwin Schrödinger alipouchapisha mwaka 1926. Miaka mitatu baadaye Paul Dirac aliandika kwamba sheria zinazohitajika kwa kemia karibu yote zimeshajulikana, ila milinganyo yake ni migumu mno kutatulika. Alikuwa sahihi. Kwa atomu ya haidrojeni yenye elektroni moja unapata jibu kamili kwa kalamu na karatasi. Ongeza elektroni ya pili, zianze kusukumana, na karatasi inakushinda. Kwa elektroni 152 lazima ukadirie, na ustadi wote wa fani hii ni kujua kukadiria bila kujidanganya.

Walter Kohn na wenzake walionyesha mwaka 1964 na 1965 kwamba si lazima umfuatilie kila elektroni peke yake. Unaweza kufanya kazi na msongamano wa elektroni zote kwa pamoja. John Pople, Mwingereza aliyesomea hisabati, akatengeneza programu iitwayo Gaussian 70 ambayo mwanakemia wa kawaida angeweza kuitumia. Mwaka 1998 wawili hao waligawana Nobel ya kemia, mmoja mwanafizikia na mwingine mwanahisabati. Ndiyo maana mtu akija kwangu simuulizi kwanza alisomea nini.

Kwa nini laptop yangu haitoshi?

Kwa molekuli ndogo inatosha, na nitakuonyesha mwishoni. Tatizo ni jinsi gharama inavyopanda. Mbinu moja tunayoiamini sana kwa usahihi, jina lake CCSD(T), gharama yake hupanda kwa kipeo cha 7. Ukiongeza ukubwa wa molekuli mara 2, muda unaongezeka mara 128. Hesabu iliyochukua saa moja sasa itachukua siku 5 na saa 8. Ukiongeza ukubwa mara 3, ni siku 91, na hapo ndipo umeme unapokatika siku ya 90.

Mbinu ya msongamano ina huruma zaidi, hupanda kwa takriban kipeo cha 3, ndiyo maana wengi tunaishi humo. Lakini hata nayo, ukitaka kutazama protini nzima ikichezacheza ndani ya maji, unahitaji kompyuta nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja.

Hiyo kompyuta kubwa ikoje? Umewahi kuigusa?

Kwa mikono, mara chache. Ni makabati yaliyopangwa kwenye chumba chenye baridi na kelele ya feni. Kila kabati lina kompyuta nyingi bapa, kila moja tunaiita nodi, na zote zimeunganishwa kwa nyaya za kasi kubwa. Mimi nakaa mezani kwangu na chai, nafungua dirisha jeusi la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, naingia kwa mbali.

Ukishaingia huendeshi kazi papo hapo. Unaandika karatasi ya maombi: nataka nodi 4, kwa saa 24, kwa kazi hii. Unaituma kwenye foleni inayosimamiwa na programu, mara nyingi ni Slurm, halafu unasubiri kama benki mwisho wa mwezi. Ukiomba saa nyingi kupita kiasi unasubiri sana. Ukiomba chache, kazi inakatwa katikati hata kama imebaki dakika moja. Mashine haibembelezwi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuendesha hesabu kwenye ile nodi ya mlangoni, ambayo kila mtu hupitia kuingia. Ni sawa na kuwasha jiko la mkaa mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Baada ya dakika 20 msimamizi aliwaandikia watumiaji wote kueleza kwa nini mfumo umekuwa mzito, bila kunitaja. Sikuhitaji kutajwa.

Huku kwetu tunazipata wapi?

Barani kwetu kituo kinachojulikana zaidi ni CHPC cha Cape Town, Afrika Kusini. Mashine yao ya Lengau, jina lenye maana ya duma kwa Kisetswana, iliwashwa mwaka 2016 na kuvuka petaflopu moja, yaani hesabu trilioni 1,000 kwa sekunde. Kwa mtu wa nje, njia ya kawaida ni kushirikiana na mtafiti wa huko. Kwa hiyo barua pepe nzuri ina thamani kuliko pesa.

Halafu kuna mtumba. Ndiyo, mtumba wa kompyuta. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kiliwasha mashine iliyoitwa Ranger, yenye kori (viini vya kukokotoa) 62,976 na kasi ya kilele ya teraflopu 579, yaani hesabu trilioni 579 kwa sekunde. Ilizimwa mapema mwaka 2013. Badala ya kutupwa yote, sehemu ya makabati yake yalipakiwa melini hadi Afrika Kusini, na kutoka huko vipande vikapangiwa vyuo vya kusini mwa Afrika, Botswana na Tanzania wakiwemo kwenye mgawo.

Mimi ni mteja wa mitumba tangu utotoni, kwa hiyo sidharau. Lakini mtumba wa namna hii unakula umeme kuliko mashine mpya na unataka kiyoyozi kisichozimika. Kinachobaki na faida ndefu ni vijana wanaojifunza kuufungua, kuufunga na kuuweka hai. Mtu aliyefufua kabati la zamani haogopi jipya.

Usisahau pia mitandao ya vyuo: KENET Kenya, TERNET Tanzania, na muungano wa UbuntuNet unaoiunganisha mitandao ya namna hiyo ukanda wetu. Kompyuta ikiwa Cape Town na wewe upo Mbeya, uzi wa intaneti ndio maabara yako.

Lazima nijue kuandika programu?

Kidogo, na utaongeza njiani. Linux ya kuhama folda na kuhariri faili, lugha ya programu ya Python ya kuchora grafu. Hisabati ya matriksi usiikimbie.

Programu za kukokotoa ni ghali?

Gaussian inalipiwa. Lakini NWChem, Psi4, GROMACS na Quantum ESPRESSO ni za wazi na za bure, na ORCA ni bure kwa matumizi ya kitaaluma. Tafadhali usinitumie tena ile nakala iliyovunjwa kufuli uliyoipata kwenye flashi ya rafiki. Jarida likikuuliza leseni utasema nini?

Kujitolea kumeingiaje kwenye kazi ya sayansi?

Watu wengi hudhani kujitolea ni pambo la wasifu, mstari wa mwisho chini ya "ninapenda kusoma na kusafiri". Kwa fani hii na ukanda huu, kujitolea ndiko kulikoileta.

Kuna mfululizo wa shule fupi uitwao ASESMA, wa kufundisha mbinu za kukokotoa elektroni barani Afrika, ukilelewa na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam wa Pakistani alikianzisha mwaka 1964. Shule ya kwanza ilifanyika Cape Town mwaka 2010. Ya pili, mwaka 2012, ilikuja Eldoret, katika chuo cha Chepkoilel ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Zikafuata Johannesburg, Accra, Addis Ababa, na mwaka 2023 Kigali. Wahadhiri wake ni watafiti wakubwa kutoka Ulaya, Marekani na Afrika, wanaotoa muda wao bure: wiki mbili wakikaa na vijana, asubuhi nadharia, mchana mazoezi ya Quantum ESPRESSO. Wanafunzi wa awali hurudi kuwa walimu wa wanaofuata. Aliyenifundisha mimi kuandika faili ya kwanza alitokea kwenye mojawapo ya shule hizo, na hakunitoza hata nauli.

Lakini mfano ninaoupenda ni mdogo kuliko huo.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili nilikuwa nachunguza jinsi oksijeni inavyonata kwenye uso wa metali. Nilitumia wiki tatu za foleni. Majibu yalikuja, grafu zikapendeza, nikaandika ripoti. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa kemia wa sekondari aliyekuwa akija idarani kila Alhamisi kusoma ripoti zetu na kusahihisha, kwa hiari yake, na daftari lake la mistari. Kompyuta alikuwa hajui hata kuizima. Akasoma kurasa mbili, akavua miwani.

"Binti, oksijeni yako ina sumaku?"

Nikasema, "Sijakuelewa, mwalimu."

"Oksijeni ya kimiminika ukiimimina kati ya ncha za sumaku inaning'inia. Nilikuwa nawasimulia watoto wa kidato cha tano. Ina elektroni mbili ambazo hazijapata wenza. Za kwako zote zimeoana."

Nilifungua faili. Kweli. Mahali ambapo programu hutaka idadi ya elektroni zisizo na wenza ukijumlisha moja, nilikuwa nimeacha 1 badala ya 3, na programu ikatii kimya kimya. Kwa oksijeni, tofauti kati ya hali hizo mbili ni takriban kilojouli 94 kwa kila moli, kubwa kuliko karibu kila kitu nilichokuwa napima. Wiki tatu za mashine ya mamilioni zilikuwa takataka safi. Aliyegundua ni mzee asiyelipwa, mwenye kalamu nyekundu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma kazi yoyote ninajiuliza swali lake. Jumamosi zangu mbili zilianzia hapo.

Mimi si mwanakemia. Naweza kujitolea nini?

Unaweza kutoa kompyuta yako. Mwaka 2000 Vijay Pande na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walianzisha Folding@home: unapakua programu, na mashine yako inapokuwa haina kazi inapokea kipande kidogo cha hesabu ya protini, inakimaliza, inakirudisha. Mwaka 2020, korona ilipotanda na watu wakakaa ndani, wakajiunga wengi kiasi kwamba mtandao huo ulivuka eksaflopu moja, hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Mashine ya kwanza kutambuliwa rasmi kwa kasi hiyo kwenye orodha ya Top500, Frontier ya Oak Ridge, Marekani, ilifika mwaka 2022. Yaani kompyuta za sebuleni zilitangulia.

Mwaka huohuo wa 2020 wanakemia wa nchi mbalimbali walituma bure zaidi ya miundo 18,000 ya molekuli kwa mradi wa COVID Moonshot, wakitafuta ya kuziba kimeng'enya kimoja cha kirusi, na baadhi ya hesabu za kuchuja ipi itengenezwe kwanza zilifanyiwa Folding@home. Kemia, kompyuta na hiari, vyote kwenye sufuria moja.

Ila nikuambie ukweli wa LUKU. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 200 ikiwaka kutwa kucha itakula karibu uniti 5 kwa siku. Kama umeme ananunua mama, muombe kwanza.

Ukipenda kutoa maneno badala ya umeme, kuna The Carpentries, ambao walimu wao wa hiari hufundisha watafiti Linux, Python na utunzaji wa data katika warsha za siku mbili hivi. Au nenda shule uliyosoma ukawasaidie kidato cha nne mole na stoikiometria. Huko ndiko uhitaji ulipo mkubwa, na hakuna cheti.

Kujitolea huku si kunyonywa tu?

Wakati mwingine ndiyo. Kipimo changu ni hiki: kujitolea kuna mwisho, unakuchagua mwenyewe, na ukiacha leo hakuna anayekukasirikia. Mtu akikuita "mtu wa kujitolea" kutwa nzima, siku tano kwa wiki, miezi sita, bila nauli, huku jina lako halimo kwenye makala iliyotokana na hesabu zako, hiyo ni ajira isiyolipwa. Nimewahi kuifanya mahali fulani, nikiambiwa nasubiri bajeti. Nilipoondoka bajeti ilikuwa bado inasubiriwa. Muulize mtu kabla hujaanza: nitajifunza nini, kwa muda gani, na jina langu litakaa wapi? Akiona swali hilo ni utovu wa adabu, muage kwa heshima.

Babu anatibu kwa mwarobaini. Unaweza kuthibitisha kwa kompyuta kwamba unaponya?

Siwezi, na anayekuambia anaweza mwogope. Ninachoweza ni kuchukua molekuli zilizokwisha kutambuliwa kwenye mmea na kuzipachika, kwenye kompyuta, katika tundu la protini ya kimelea, nione ipi inaelekea kukaa vizuri. Programu itanipa alama. Alama nzuri maana yake ni "hii ipelekwe maabara kwanza". Haisemi kama molekuli itafyonzwa tumboni, kama ini litaivunja kabla haijafika, wala kama itaumiza figo. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi zinazoruka kutoka alama ya kompyuta hadi "tiba mpya". Babu mwenyewe ni mwangalifu kuliko hapo. Humuuliza mgonjwa amekula nini.

Akili mnemba imeshamaliza kazi hii?

Imemaliza baadhi ya usumbufu. Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa David Baker, na kwa Demis Hassabis na John Jumper wa AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi amino. Baker huyohuyo, maabara yake ndiyo iliyoleta Rosetta@home na mchezo wa Foldit, ambako watu wa kawaida walichangia kompyuta na akili zao bure. Utabiri huo umejengwa juu ya miundo ya protini ambayo wanasayansi wa maabara waliipima kwa miongo na kuiweka wazi kwa wote. Kwa chuma kinachovunja daraja la oksijeni, bado nahitaji elektroni zangu 152.

Kuna ajira?

Zipo chache zenye jina hilo: vyuo, taasisi za utafiti, kampuni za dawa, nyingi zikiwa nje ya nchi. Zipo nyingi zaidi zisizo na jina hilo. Mtu anayeweza kuendesha kazi 500 kwenye klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa, bila kuchanganya faili, benki na kampuni za simu zinamtaka. Mzazi akiniuliza, namwambia mtoto hatakosa kazi, ila hatajua kuieleza kwa majirani.

Nianzie wapi wiki hii, na laptop yangu hii hii?

Weka Linux, hata ndani ya Windows. Pakua Psi4 au ORCA. Kokotoa molekuli moja ya maji. Andika oksijeni, haidrojeni mbili, na mahali zilipo, kisha iambie programu itafute umbo lenye nishati ndogo kabisa. Itachukua sekunde chache. Pima pembe: maji halisi yana nyuzi 104.5, na wewe utapata karibu na hapo.

Kisha rudia, lakini safari hii panga atomu tatu kwenye mstari ulionyooka kabisa. Programu itakuambia imefanikiwa, na maji yako yatabaki yamenyooka, nyuzi 180. Tafuta kwa nini. Nadokeza kwamba ukisimama juu kabisa ya kilele cha mlima, mteremko chini ya miguu yako ni sifuri. Ukikwama niandikie, ila nitumie faili lenyewe. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye kidole chako pembeni, siifungui.